Kitabu Chembamba cha Kijapani

Hadi leo nikikoroga uji wa muhogo ukaanza kushika, pua yangu hunirudisha Kolwezi, kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa kilichokuwa maktaba ya parokia. Vitabu vya pale viliunganishwa kwa gundi ya unga wa muhogo, na kwa kuwa mende wa Kolwezi hawabagui, walikula migongo ya vitabu kwa hamu ileile tuliyokuwa nayo sisi kwa bukari, ugali wetu. Harufu ile ya uchachu, ikichanganyika na vumbi la kiangazi lililoletwa na upepo kutoka machimbo ya shaba, kwangu ndiyo harufu ya upweke. Nchi ilikuwa ikiitwa Zaïre, nami nilikuwa msichana wa darasa la tano aliyekuwa akitafuta kitabu cha kujifunzia Kijapani.

Isidhaniwe kwamba nilikuwa mtoto wa ajabu. Sababu ilikuwa baba. Alikuwa fundi wa mashine, mzaliwa wa watu wa Kasai walioletwa zamani kuchimba shaba, na wakati huo alikuwa amepata kazi kwa Wajapani waliokuwa na mgodi mbali na kwetu, upande wa mpaka wa Zambia. Mama alikuwa Sandoa akimuuguza bibi, amekwenda na wadogo zangu. Mimi niliachwa kwa shangazi Kapinga, dada wa baba, kwa ajili ya shule. Shangazi alikuwa ameacha jina lake la ubatizo kama serikali ilivyotaka, ingawa aliamini kwamba Mungu aliendelea kumwita kwa lile la zamani. Hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda maneno, na nyumba yake ilikuwa kimya kiasi kwamba ulisikia makaa yakipasuka kwenye mbabula, lile jiko la bati lililotobolewa matundu. Siku baba alipokuwa anaondoka baada ya likizo fupi, nilimng'ang'ania mkono huku akifunga sanduku. Akacheka. "Siku utajua kusema na bakubwa yangu Bajapone, mama, siku ile nitakubeba kule." Aliniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Watu wazima husema mengi wanapofunga masanduku, lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba ahadi ni deni, nikaanza kuishughulikia mara moja.

Bahati ilikuwa upande wangu. Mama mmoja wa Kijapani, aliyepita mjini kwetu na mume wake fundi, alikuwa amekaa kwa muda katika nyumba ya wageni ya parokia, na alipoondoka alimwachia mtawa wa maktaba boksi la vitabu. Mtawa yule tulimwita Mama Sista. Sheria yake ilijulikana na kila mtoto: kitabu kimoja kwa likizo nzima, kikifungwa kwa karatasi ya mfuko wa unga, na hakuna kubadilisha. Katika boksi lile vya kujifunzia vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa kinene, cha buluu, kimeandikwa kwa Kifaransa kwa ajili ya watu wa kazi: namna ya kumsalimu mkubwa wako, majina ya vifaa, namna ya kuomba ruhusa. Mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba hicho ndicho kingenifikisha kwa baba. Cha pili kilikuwa chembamba, cha watoto wa Kijapani wanaoanza shule, herufi kubwa na picha basi. Kurasa chache tu zilikuwa na msaada: mama yule alikuwa ameanza kumfundisha Sista, na chini ya mistari alikuwa ameandika kwa penseli matamshi na maana kwa Kifaransa, kisha wakaishia njiani.

Nilikaa sakafuni nikivipima vile vitabu, kimoja kila goti, hadi Sista akachoka na kunikumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. "Ya kukamata ni kimoja tu," akasema, "na mi niko na njaa." Nilikuwa nimekwisha kunyanyua kile kinene. Ndipo nikakifungua chembamba mara ya mwisho, nikaona picha ya mlango. Baba mmoja amesimama akivua viatu, na ndani ya nyumba msichana wa umri wangu anamkimbilia. Chini yake, kwa penseli, baba anasema *tadaima*, yaani nimerudi, na mtoto anamjibu *okaeri nasai*. Sista alinieleza kwamba neno hilo si kama karibu yetu tunayomwambia mgeni. Huambiwa mwenye nyumba peke yake, anaporudi kwake. Nikakiacha kinene kwenye boksi.

Likizo ile niliipitisha nyuma ya jiko nikisoma kwa kunong'ona. Jina langu, Ngalula, nililiandika kwa wino kwenye jalada mahali nilipodhani ni mwanzo wa kitabu, kumbe ni mwisho, kwa kuwa wenzetu wale hufungulia upande wa pili. Watoto wa jirani walinisikia, wakaanza kuniita Mujapone, na nilipowaendea kucheza walivuta macho yao kwa vidole na kukimbia. Basi nikaacha kuwaendea. Nilikuwa napiga hodi kwenye mlango wetu wenyewe, naingia, najijibu. Siku moja shangazi alinikuta nikiinamia ukuta. Akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu," akaenda kuchukua maji. Nilidhani anasema habari za chakula, kwamba nimechelewa na sehemu yangu imeliwa.

Baba alikuja likizo ikiwa inaisha, Jumapili mchana, amevaa abakosti mpya ya kijivu, lile koti lisilovaliwa na tai. Nilimwona tangu barabarani. Nikasimama ndani ya mlango, nikainama kama nilivyosikia Wajapani hufanya, nikasema neno langu bila kukosea hata herufi.

"Uko unasema nini?" akauliza.

"Ni Kijapone, Tata. Nilijifunza miye peke."

Alicheka hadi akashika fremu ya mlango. "Ee mama! Bajapone bote beko banasema na siye Kiswahili! Ile ya mu mugodi. Mi sijui hata neno moja ya kwabo."

Nikamwuliza kama sasa atanibeba. Shangazi, aliyekuwa akipepea mbabula, akasimamisha mkono. Baba akaacha kucheka. "Nilikuwa nasema tu," akasema, akitazama viatu vyake. Kisha akauliza lile neno lina maana gani, nikamweleza, pamoja na la kwake la kuanza. Akajaribu: "Tandayima." Nikamrekebisha. "Tandayima," akarudia, na siku mbili baadaye akarudi mpakani peke yake. Nililia hadi shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, akaja kukaa kando yangu mkekani.

Likizo zake zikapungua, kisha zikakoma. Baadaye tukajua, kama shangazi alivyokuwa akijua siku zote, kwamba kule alikuwa na mlango mwingine, na watoto wengine wa kumkimbilia. Mama alirudi kutoka Sandoa akatulea. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye nyumba yangu hapahapa Kolwezi siku mzee mmoja aliyekonda alipotokea na mfuko wa plastiki, mgodi wake umefungwa zamani. Alisimama kizingitini, akavua kofia. "Tandayima," akasema.

Lile la kumjibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa limekaa hapo tangu utoto. Nikasema, "Karibu, Tata," nikamvutia kiti cha wageni. Akakaa ukingoni mwa kiti, kama mgeni. Tulimtunza hadi alipofariki, na hakulitamka tena.

Siku hizi mjukuu wangu anajifunza Kijapani kwenye simu. Hakuchagua kitabu, simu ina masomo mengi kuliko parokia zote za Katanga, hayanuki gundi wala hayaliwi na mende. Kabla ya kuanza ilimwuliza sababu ya kujifunza, ikampa za kuchagua: kazi, safari, masomo, burudani. Nilivaa miwani nikazisoma zote. Yangu haikuwemo.

Jioni akirudi kutoka shule hutupa mkoba na kupiga kelele mlangoni, "*Tadaima!*", akilitamka vizuri kuliko babu wa mama yake. Nami humjibu kwa lile neno langu kutoka jikoni, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika katika nyumba ndogo kama yetu.