Mnanaa Usioshukuriwa

Kila asubuhi, kahawa yake ikiwa bado inatoa moshi, jirani wa Delphia huinama kwenye kichaka chake cha mnanaa wa nyuki, huchuma majani yaliyoingiwa na ukungu mweupe wa ugonjwa na kuyatia mfukoni mwa aproni. Vidole vyake vinene hunukia mnanaa hata kanisani. Safari hii katikati ya kichaka palikuwa pamekauka, kwa kuwa mashina yake hayakuwa yamegawanywa na kupandwa upya kwa miaka mingi. Akakichimbua kwa sepeto, akampitishia Delphia kishina chenye mizizi juu ya uzio.

“Asan…”

“Funga mdomo, binti! Unataka kikauke?”

Wakacheka wote wawili. Huku milimani Kentucky mche wa kupewa haushukuriwi, ukiushukuru, haushiki. Kisha jirani akajifuta udongo viganjani, polepole.

“Mnanaa huu aliniletea dada yangu. Nikanyamaza vivyo hivyo. Tumemzika majuzi, na neno hilo hakuwahi kulisikia kwangu.”

Delphia, ambaye haya humfunga ulimi, akajikaza. “Kwani hakuwahi kukuletea kitu kingine, ukamshukuru kwa hicho?”

“Alileta, mwanangu. Nilipovunjika nyonga alileta supu kila siku. Neno hilo sikulisema.”