Aliyewajibu Waingereza

Bi Zuena wa Kirongwe alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake: hakuwa na wa kumjibu.

Mtu asiyejua mambo ya kule atasema, ana mume, ana watoto watatu, ana majirani mpaka wa kugawa, wa kumjibu anamkosaje? Ngoja kwanza. Bi Zuena kazi yake ni kusuka mikeka, lakini sifa yake ni utunzi. Tangu angali msichana, harusi ikiwa kubwa, upande wa bibi harusi ulimsimamisha yeye, na upande wa bwana harusi ukamsimamisha Mashavu binti Kitwana. Hapo tena pilau lilipoa masinia yakitazamwa. Zuena alitoa ubeti, Mashavu akajibu kwa mizani ileile, Zuena akamrudi, na watu wakashika mbavu. Miaka ishirini na sita walichambana hadharani, na harusi ikiisha walirudi nyumbani wameshikana mikono, chanda na pete. Kwa watu hawa shairi ni kama salamu. Ukimwambia mtu shikamoo akakaa kimya, ujue lipo jambo. Na shairi likitolewa lisijibiwe, aliyelitoa ameachwa uchi mbele za watu.

Basi Mashavu alifariki miaka minne iliyopita, Mungu amrehemu. Zuena akabaki na beti zake mdomoni. Alijaribu kuwatumia wanawake wenzake kwenye kundi la simu. Alikaa siku mbili anapima silabi, akatuma beti nne safi kabisa, zenye swali zito mwishoni. Akarudishiwa vidole gumba kumi na saba na picha ya ua.

"Kidole!" alimwambia mumewe, Matano, huku akiitupa simu kitandani. "Mimi nauliza swali, mtu ananionesha kidole!"

Matano ni mkulima wa minazi, mtu wa maneno machache, na machache hayo hayana vina. Alimpa pole, akaenda kuangalia mbuzi wake.

Mambo yalibadilika mwezi wa kwanza mwaka jana, Shamsa, binti wa kaka yake Zuena, alipohamia nyumbani kwao. Alikuwa ameajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, na siku ya pili tu akarudi na kitabu kinene cha jalada la kijani, kona zimelika, ndani kimejaa mashairi ya Kiingereza ya watu mbalimbali. Akakibwaga juu ya jamvi.

"Shangazi, nimekwisha. Nimeambiwa niwafundishe kidato cha tatu mashairi haya, na mimi mwenyewe chuoni niliyafaulu kwa kukariri. Sijui hata hawa watu walikuwa na shida gani."

Zuena alikuwa anasuka ukili. Vidole vikasimama. "Mashairi? Hebu nisomee moja nisikie shida yao."

Sasa tuseme ukweli. Zuena aliiacha shule kidato cha pili baada ya kuanguka mtihani wa Kiingereza, na Kiingereza alichobaki nacho kilikuwa cha kuombea maji. Tangu siku ile aliiona lugha hiyo kama mlango aliofungiwa usoni. Lakini shairi ni shairi. Shamsa akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya dawa, na shangazi yake akamkatiza mstari wa pili.

"We mtoto! Shairi halisomwi hivyo, shairi linaghaniwa. Rudia polepole, nihesabu."

Akahesabu silabi kwa vidole. Mstari wa kwanza nane. Wa pili sita. Wa tatu tisa. Wa nne sita.

"Huyu alikuwa amelewa?"

"Shangazi, wao hawahesabu kama sisi."

"Sasa wanahesabuje?"

Shamsa alieleza mambo ya mkazo kama alivyoelezwa chuoni, na kwa kuwa hata yeye hakuwa ameyaelewa, wote wawili wakabaki palepale. Jibu lilikuja Jumamosi, kwenye kinu. Walikuwa wanatwanga mpunga kwa zamu, mchi wa huyu unapanda, wa yule unashuka, na Shamsa, kwa kuchoka tu, akawa anarudia ule mstari kimoyomoyo. Ghafla Zuena akaacha mchi hewani.

"Sema tena. Sema kwa sauti!"

Shamsa akasema. Zuena akatwanga. Mchi ulitua mara nne, na kila ulipotua, ulitua juu ya neno zito.

"Yallah!" Zuena akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Hawahesabu silabi! Wanahesabu mchi unapotua! Kumbe ni watu wa kinu hawa!"

Kuanzia siku hiyo haikupita Jumamosi wala Jumapili bila kitabu. Shamsa aliliweka neno, kamusi ikaligeuza, Zuena akaligonga kwa kiganja juu ya paja. Kuuliza si ujinga, naye aliuliza mpaka Shamsa akatoka jasho. Theluji ni nini? Shamsa akamwambia afikirie barafu wanayowekea samaki kule Kilindoni, iliyosagwa, inaanguka kutoka mbinguni. Zuena akatazama juu kwa heshima. "Barafu ya samaki inawaangukia kichwani," akasema, "na bado wanatunga. Hawa ni wanaume."

Kulikuwa na shairi moja lisilo na vina hata kimoja, la mtu anayemsimulia farasi wake mzee. Zuena alilikataa kabisa, akaliita barua. Lakini Shamsa alipoondoka akalighani peke yake, mara moja, mara mbili, mara tatu. Jioni akamwambia mpwawe, "Yule wa farasi hana vina, lakini ana moyo. Nimemsamehe."

Ila lilikuwapo jambo ambalo hakuweza kulisamehe. Ukurasa wa kumi na mbili kulikuwa na kijana aliyemnunulia msichana tunda gulioni, msichana akalipokea, akaondoka. Beti tano nzima kijana anauliza: kwa nini hukugeuka nyuma? Zuena akafunua ukurasa uliofuata kutafuta jibu la msichana. Akakuta mzee mwingine anasifia mawingu.

"Jibu liko wapi?"

"Hakuna, Shangazi. Limeishia hapo."

"Limeishia hapo vipi? Kijana ameuliza!"

"Alitunga tu. Alishakufa, miaka mia mbili iliyopita."

Zuena akaweka ukili chini. Miaka mia mbili mtoto wa watu kasimama gulioni, anangoja! Akafunua kurasa nyingine, kila mmoja anauliza lake, na hakuna hata mmoja aliyejibiwa. Alijiona yeye mwenyewe na vidole gumba vyake kumi na saba, akawaonea huruma iliyomchoma hasa.

Akachukua penseli. Alimjibu kijana kwa niaba ya msichana, ubeti mmoja wa Kiswahili pembeni mwa ukurasa: ningegeukaje, na mdomo umejaa tunda lako, nawe ungeniona mlafi? Akacheka peke yake. Kesho yake akamjibia farasi. Keshokutwa mawingu. Siku za wiki kitabu kilikuwa kinabaki kwake, na Shamsa, mwenye nakala ya kufundishia shuleni, hakuwa na habari. Matano ndiye alikuwa na habari.

"Umeniolea waume sitini," alisema, "na wote Waingereza, na wote marehemu."

"Sitini na wawili," Zuena akamsahihisha.

Penye miti hapana wajenzi, lakini penye vitabu hapakosi Mwalimu Taufiki. Huyu ndiye mtunza maktaba wa shule, mzee wa kisiwa cha Juani, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Aliwahi kumsimamisha mwalimu mwenzake mbele ya wanafunzi kwa kosa la kukunja kona ya ukurasa. Shule ilipofungwa Shamsa akarudisha vitabu vyote bila kuvifungua, na wiki moja baadaye akaingia nyumbani midomo imekauka.

"Shangazi, uliandika kwenye kile kitabu?"

"Nilijibu."

"Ulijibu! Mwalimu Taufiki anakuita. Wewe, si mimi. Amesema ikibidi kila neno litafutwa, na mimi sitaazima tena kitabu pale."

Zuena aliingiwa na hofu kweli. Miaka mitatu hakuwa na pa kupeleka shairi, akapapata, na sasa anakwenda kupafuta kwa mkono wake. Matano akamshauri aseme ni watoto waliochezea penseli. "Watoto gani wanaotunga kwa mizani?" Zuena akauliza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akavaa khanga mpya, akafunga kifutio kwenye pindo, akaenda.

Maktaba ilikuwa tupu. Mwalimu Taufiki alikuwa nyuma ya meza, kitabu cha kijani mbele yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti." Hakuinua macho. "Nimehesabu uharibifu. Kurasa sitini na mbili. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

Zuena alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, yakampotea yote. "Waliuliza, Mwalimu. Hawakujibiwa. Mimi najua ilivyo mtu kutunga asijibiwe."

Mwalimu Taufiki akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Sheria za maktaba ni sheria. Una kifutio?"

Zuena akafungua pindo. Akavuta kitabu, akafunua ukurasa wa kumi na mbili, kwa yule kijana wa gulioni. Akaweka kifutio juu ya neno la kwanza, akasugua, neno likapotea. Machozi yakamjaa, wala hakuyaficha.

"Basi, basi!" Mwalimu akasema haraka, kama mtu aliyekanyagwa mguu. "Usianzie hapo. Anzia ukurasa wa arobaini na moja."

Ukurasa wa arobaini na moja aliujua. Mama mmoja amekaa dirishani wakati wa theluji, anauliza kama mwanawe aliyesafiri atarudi. Zuena alimjibu hivi:

*Mama toka dirishani, baridi itakuua,*
*Mwana yuko safarini, njia yeye aijua,*
*Shika ukili chumbani, suka, mzigo kutua,*
*Arudipo mlangoni, hodi, nawe kufungua.*

Ubeti ulikuwapo palepale. Lakini chini yake palikuwa na mwandiko mwingine, mdogo, ulionyooka, wa wino:

*Bi Zuena samahani, jibu lako sikubali,*
*Mama yangu kisiwani, dirisha wazi, halali,*
*Nikirudi baharini, taa niliona mbali,*
*Angetoka dirishani, ningefika wapi kweli?*

Zuena alisoma kwa macho. Kisha akasoma kwa kughani, chini chini, na kila silabi ilikaa mahali pake, nane kwa nane. Hakukuwa na kosa hata moja. Akafunua ukurasa wa arobaini na nne, wino. Wa hamsini, wino. Kwa farasi mzee kulikuwa na beti mbili za kumpinga, na mmoja ulikuwa na kejeli ambayo Mashavu mwenyewe angeionea wivu.

"Mwalimu," akasema. "Wino haufutiki."

"Najua."

"Na sheria?"

"Nimeshajiandikia barua ya onyo." Akaiinua karatasi kweli, ina muhuri na sahihi. "Nilikichukua nyumbani nihesabu uharibifu. Usiku wa kwanza nikahesabu, na mizani yako ya harusini nikaitambua. Siku ya pili nikafika kwenye dirisha lile, nikaona huyu mwanamke amekosea, na siwezi kulala na shairi lililokosea. Kwetu Juani nilikuwa natunga nikiwa kijana. Aliyekuwa akinijibu alihamia Tanga. Nikaacha, nikashika vitabu." Akakohoa. "Hujakosea mizani, lakini. Sitini na mbili zote. Nilitafuta."

Zuena akacheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa upindo wa khanga. Kisha akainyoosha shingo, na Kirongwe yote inaijua ile shingo. Ndiyo aliyokuwa akiinyoosha kila Mashavu alipomaliza kusema.

"Mama yako alikuwa na taa," akasema. "Huyu wa kitabuni hana taa, nimesoma mara tano. Anakaa gizani. Mwana ataona nini? Hilo umelijibu kwa haraka, Mwalimu."

"Thibitisha."

"Nipe kalamu."

"Kwenye kitabu, hapana. Nimeshapata onyo." Akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari kubwa jipya, jalada limepigwa muhuri wa maktaba, namba imeandikwa, na juu yake kwa mwandiko ule ule ulionyooka: *Majibu*. Akaliweka juu ya kitabu cha kijani, akavisukuma vyote viwili upande wake. "Unaazima kwa wiki moja. Ukichelewa nitakuja Kirongwe mwenyewe."

Alirudi kwa miguu amevikumbatia vyote kifuani, midomo inacheza, kiganja kinapiga paja. Nane, nane. Taa, giza, mwana, njia. Alimpita jirani yake bila kumwona, akapita nyumba yake mwenyewe, ikabidi arudi. Shamsa na Matano walikuwa wamesimama mlangoni, nyuso zimesawijika.

"Shangazi, imekuwaje? Umefukuzwa? Umefutishwa?"

Zuena akawatazama kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. Akatabasamu, tabasamu ambalo Matano hakuwa ameliona tangu harusi ya mwisho ya Mashavu.

"Nimejibiwa," akasema. "Nipisheni, nina kazi."