Kahawa ya Baridi Ilivyonitoa Kanisani Mbio

Nyie chekeni tu, maana hata mimi siku hizi nacheka, ila ilipita miaka mingi kabla sijaweza kukatiza mbele ya kanisa la kijiji cha Mamba bila kuinamisha uso kama mtu anayetafuta shilingi mchangani. Sikuiba, sikupigana, sikulewa. Nilikunywa kahawa. Na si kahawa hii ya moto mnayoijua, ni kahawa iliyolala ndani ya maji baridi mpaka asubuhi, mimi nikaiamsha, nayo ikaniamsha mimi kuliko nilivyoomba.

Miaka ile ya sabini nilikuwa kijana wa Kibaoni, naitwa Deo, na kazi yangu ilikuwa kumbebea vijiti vya kupimia Mzungu mmoja aliyekuwa anatafuta mahali pa kuchimba visima huko mbugani. Kazi ya kimya sana ile. Unasimama na kijiti chako katikati ya majani makavu, yule bwana yuko mbali anachungulia kwenye chombo chake, na wewe unaangalia punda milia wanavyocheza kwenye mvuke wa jua, miguu haionekani, wanaelea tu, mpaka hujui tena kama ni wanyama au ni maji au ni mawazo yako mwenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa kuota namna hiyo (mama yangu alisema nilizaliwa jicho moja limefumba). Usingizi na mimi tulikuwa ndugu. Niliweza kusinzia nimesimama, ninakula, hata naongeleshwa.

Sasa nikampata mchumba, Perpetua wa Mamba, na Mungu ana mizaha yake, baba yake alikuwa katekista, mzee Kasiano, mtu mrefu mkavu asiyependa mchezo, na ndiye aliyetufundisha mafundisho ya ndoa. Siku moja, mchana wa joto, anatueleza wajibu wa mume, sauti yake inashuka na kupanda kama mtu anayetwanga mpunga, nikaona usingizi unanichukua, nikaondoka zangu. Niliporudi chumba kizima kilikuwa kinanitazama.

"Deogratias," akasema mzee, "nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unasema... amina," nikajibu.

Watu wakacheka. Perpetua alicheka mpaka akaficha uso kwenye kanga. Mzee hakucheka.

"Sikiliza kijana. Ukisinzia siku ya ndoa, mbele ya padri na mbele ya ndugu zangu, namchukua mwanangu narudi naye nyumbani. Simkabidhi binti kwa mtu aliyelala."

Na mzee Kasiano hakuwa mtu wa kusema kitu akasahau.

Basi ikafika siku moja kabla ya harusi. Kwetu Kibaoni ngoma zilikuwa zimepigwa siku kadhaa mfululizo, ndugu wamejaa, sijapata usingizi wa maana, na nikajijua: kesho nitasinzia. Ndipo nikaikumbuka kahawa ya yule Mzungu. Alikuwa ameninunulia zawadi ya harusi, blanketi, na juu yake akaweka kopo la kahawa iliyosagwa. Yeye alikuwa na desturi yake: jioni analoweka kahawa kwenye maji baridi, anafunika, hagusi, asubuhi anachuja, halafu anaingia hemani, anatoka na glasi imejaa, anakunywa taratibu, na kutwa nzima hapigi hata mwayo. Mimi nilikuwa nikimtazama kwa mbali. (Kwa mbali. Lishikeni neno hilo.)

Ningeweza kuichemsha kama watu wengine. Lakini mafuta ya taa yalikuwa yameadimika madukani, jiko langu la mchina limekauka, na mafiga yote pale nyumbani yalikuwa yamebeba masufuria ya shangazi Tekla, dada yake baba, ambaye siku ile huwezi kumwambia akupishe uchemshe kahawa yako ukabaki na masikio mawili. Nikaona isiwe tabu. Nikachukua mtungi mdogo wa maji ya kunywa, ule wa udongo unaotoa jasho, nikamimina kopo zima la kahawa. Zima! Nikakoroga na mwiko. Ilizama polepole, kama wingu jeusi linaloshukia ziwani, na harufu yake ilipanda laini, kama ya udongo baada ya mvua ya kwanza, nikakaa pale nimeegemea mtungi nawaza nyumba yangu, mke wangu, watoto wangu wote wamekaa mkekani hata majina wanayo.

Asubuhi nikaichuja kwa kitambaa safi. Nyeusi, tulivu, baridi ya mtungi, na kwenye ulimi haichomi, haina ule ukali wa moto, ina utamu wa mbali kama asali ya porini. Sasa, wazee wa enzi zile walikuwa hawali kitu kabla ya komunyo, nami nikajiuliza, je, hii ni chakula? Nikajijibu mwenyewe kwamba ni maji tu, yamepitia kwenye kahawa. Nikanywa kikombe kikubwa cha bati. Nikaongeza. Nikamkaribisha msimamizi wangu Anakleti, akanusa, akasema inanuka gome la mti, hataki. Iliyobaki nikaitia kwenye dumu dogo, nikapanda nalo kwenye lori.

Nyie, ile safari ya kwenda Mamba sijawahi kuipata tena. Tulikaa juu, shangazi Tekla na kinamama wanaimba, ukungu bado umelalia mbuga, na mikoche inatokeza vichwa vyake juu ya ukungu bila shina, kama inatembea pamoja nasi. Kila kitu kilikuwa karibu na kila kitu kilikuwa mbali. Niliona kila tone la umande kwenye kila jani, naapa, na moyo wangu unapiga pamoja na ngoma, halafu ukaitangulia ngoma, na mimi nawapenda watu wote, nampenda dereva, nalipenda lori, na njiani kote ninapiga funda kutoka kwenye dumu na kuongea. Nilimweleza shangazi jinsi mawingu yanavyotengenezwa. Nilimweleza visima. Nilimweleza mawingu tena.

"Mwanangu," akasema shangazi, "hebu pumzika kidogo na wewe."

"Sijachoka, shangazi! Sijawahi kutochoka hivi!"

Akaniangalia mikono. Nikaiangalia na mimi. Ilikuwa inatetemeka peke yake.

Tulipofika, padri alikuwa anaungamisha watu, tukasubiri nje, jua likapanda, nikaona kiu, nikanywa dumu mpaka likabaki funda la mashapo. Kwa hiyo naingia kanisani nimebeba tumboni mtungi mzima wa kahawa, nanyi ni watu wazima, mnajua maji yakiingia yanataka nini.

Mwanzoni nilijiambia nitavumilia. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, mwanga unapenya kwenye matundu ya mabati na kushuka kama nyuzi, na Perpetua yuko kando yangu kwenye shela, mweupe, nikawa namwona kama yuko chini ya maji, ananikonyeza kidogo maana anajua nilivyo, na mzee Kasiano kiti cha mbele amenikazia macho anasubiri tu kope zishuke. Kope! Sikuwa na kope siku ile. Macho yangu yalikuwa wazi kama ya samaki. Ila magoti yananyanyuka yenyewe, jasho linanitiririka mpaka shingoni, na huku chini hali inazidi kuwa mbaya.

Padri, mzee wa Kifipa mwenye sauti ya pole, akatusimamisha. "Je, mmekuja hapa kwa hiari yenu, bila..."

"Ndiyo!" nikasema.

"...bila kulazimishwa na mtu..."

"Ndiyo, padri, ndiyo!"

Watu wakaguna. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Huyu ana jambo." Padri akaendelea, zikaja pete, Anakleti akanipa, mkono ukaruka, pete ikaruka, ikalia *ting* kwenye sakafu na kubingirika chini ya mabenchi ya kinamama. Kinamama wote wakainama. Na katika ile hali ya kutazama pete inavyobingirika, taratibu, inang'aa, mimi nikaelewa kwamba mambo mawili hayawezekani pamoja: kusubiri pete na kubaki mkavu.

Nikakimbia.

Sikumwambia padri, sikumwambia Perpetua. Nilikata katikati ya kanisa, suti ya kuazima inapepea, nikatoka mlangoni kama nimefyatuliwa na manati. Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikapasua hewa:

"Amekimbia! Jamani, bwana harusi amekimbia!"

Mbele kulikuwa na uwanja mtupu, na ng'ambo ya uwanja lundo la mabua ya mpunga. Kamwe sijaona kitu kizuri kama lile lundo. Nilifika, nikajibanza nyuma yake, nikaanza, na hapo hapo nikasikia vishindo: kaka zake Perpetua, Anakleti, baba mkwe mwenyewe, na nyuma yao kanisa zima.

"Mkamateni! Ana mke Mpanda mjini huyo!" kaka mtu mmoja anapiga kelele.

Halafu wakanyamaza, nikajua ni yeye amefika. Perpetua, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa amekunja gauni mikononi, shela imeteleza upande, anahema.

"Deo. Nitazame. Unanikataa?"

"Siwezi kukutazama sasa hivi, Perpetua. Ngoja kidogo."

Jamani, kati ya maneno yote ya Kiswahili! Nikamsikia anavuta pumzi kama mtu aliyepigwa. Kaka zake wakasogea. Na mimi mkono mmoja juu, nawaomba, siwezi kugeuka, siwezi kuacha, mtungi mzima ule.

Aliyeniokoa ni shangazi Tekla. Alipenya katikati ya watu, akasikiliza, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni:

"Mwacheni mtoto amalize! Hamsikii?"

Wakasikiliza. Kanisa zima la Mamba, na ndugu waliotoka mbali, wamesimama kimya juani wakinisikiliza. Na haikuisha. Nawaambia haikuisha. Ndege waliimba, wakanyamaza, wakaimba tena.

Nilipogeuka, mzee Kasiano alinishika kidevu, akaninusa mdomo. "Umekunywa pombe?"

"Kahawa, mzee. Ya baridi. Nilikuwa naogopa kusinzia."

Dumu likaletwa, limebaki na funda moja la chini, lenye mashapo. Padri akaonja, akakunja uso, akauliza niliongeza maji kiasi gani. Nikauliza maji gani tena. Padri akaanza kucheka hadi akashika nguzo ya kengele. "Mwanangu, hii niliiona seminarini, unatia kidogo kwenye glasi, halafu unaijaza maji!" Basi ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya Mzungu ndani ya hema, nami nje naona glasi tu.

Mzee Kasiano bado alikuwa anasita. Wadogo zake walikuwa wanamnong'oneza kwamba aibu ni aibu, harusi isogezwe. Perpetua ndiye aliyesogea. Alinyanyua dumu, akalimalizia, akatema mashapo pembeni, akajifuta kwa kiganja.

"Chungu," akasema. "Baba, turudi ndani. Huyu hakunikimbia mimi."

Tukarudi. Pete ilikuwa imeokotwa, na safari hii Perpetua aliushika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukatulia, karibu ajivalishe pete yeye mwenyewe.

Jioni tulirudi Kibaoni kwenye lori lile lile. Jua linazama upande wa Ziwa Rukwa au wapi sijui, siku ile nilikuwa sina uhakika wa upande wowote, mbuga nzima imekuwa rangi ya dhahabu, vumbi linaelea halitui, wale waimbaji wamechoka, na mke wangu amelala begani kwangu, shela imenifunika uso, naiona nchi yote kupitia humo, laini, kama vile bado haijaumbwa vizuri. Sikutaka tufike.

Kahawa bado nakunywa, sitawadanganya. Ila niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: kitu nilichojifunza kwa kuchungulia kwa mbali, sikifanyi siku yenye watu. Maana baba mkwe wangu alikuwa na mabinti wengine watatu wa kuoza, na kwenye kila harusi yao, hadi uzee ulipomzuia kutembea, hakukaa tena kiti cha mbele. Alikuwa anabeba kigoda chake, anakaa mlangoni.