Uzito wa Ndege

Kwenye mkahawa ninaosafisha Edgware Road, London, wateja hupewa vitambaa vya karatasi vyenye maji ya maua ya mchungwa. Nikiokota kimoja chini ya meza, hukinusa kabla ya kukitupa.

Mhudumu wa ndege iliyotutoa Afrika alitugawia vitambaa kama hivyo. Kampuni yenyewe ya ndege ilikuwa ndogo, ya huko Afrika ya kaskazini. Wazazi walikuwa wameshazikwa, nami, mkubwa, ndiye niliyewashika mkono wadogo zangu wawili. Kabla ya kuruka, mhudumu aliwahamisha wanaume wanne wanene kutoka mbele hadi nyuma. Nilimwuliza sababu kwa Kifaransa changu kidogo cha shule.

"Ndege isilemee mbele," alisema, akacheka. "Wewe usiogope, huna hata kilo."

Niliogopa. Tulipokuwa angani niliwakataza wadogo zangu kujitikisa, hata kukohoa. Kiti kilitetemeka chini ya mapaja yangu. Kisha yule mdogo kabisa akanivuta nguo.

"Yaya, nataka kukojoa," akasema; kwetu ndivyo mdogo amwitavyo mkubwa wake.

"Kaza."

"Nimekaza tangu tuko chini!"

"Ukisimama tutaanguka," dada yake akamwambia.

Akaanza kulia bila sauti. Nikamfungua mkanda.

"Enda polepole. Usiruke."

Choo kilikuwa nyuma kabisa, walikohamishiwa wale wanene. Alipoanza kutembea, nilimshika dada yangu shingo, tukainama mbele pamoja na kusukuma kiti cha mbele kwa vichwa vyetu, kwa nguvu zote, mpaka aliporudi akivuta suruali juu.