Mzee Honi Hakubali Kurudi Kinyumenyume

Mzee Honi alikuwa mbishi, na nalisema hilo mapema ili mtu asije kunilaumu kwamba nilimficha. Ukimwambia chai bado ya moto, ataigugumia papo hapo, aungue ulimi, halafu akuambie kwa machozi machoni kwamba imeshapoa. Ndivyo alivyoumbwa.

Maisha yake yote ya kazi aliendesha treni. Jina la Honi alilipata kwa kosa alilolirudia kila jioni kwa makusudi. Akifika kwenye kona ya mwisho kabla ya stesheni, pale zilipokuwa nyumba za wafanyakazi wa reli, alipiga honi mbili fupi ambazo hazikuwa kwenye sheria yoyote. Zilikuwa za mkewe. Mkewe akizisikia aliacha alichoshika, akaja dirishani, akafunua pazia na kumtazama akipita. Baadaye Honi akitokea mlangoni na kofia mkononi, mama yule alimpokea kwa neno lile lile: "Umechelewa leo." Hata kama treni imeingia kwa dakika yake. Honi atang'aka, atachomoa saa mfukoni, atamwonyesha, na mke atacheka mpaka ajishike ubavu. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yake, na akikosa kuambiwa hivyo aliona chakula hakishuki vizuri.

Kisha njia ile ikafungwa. Reli zikang'olewa, zikauzwa kama chuma chakavu, na Honi na mkewe wakahamia kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji moja, mtaa ambao asubuhi unaamshwa na nyundo. Wakazoea. Mpaka macho ya mama yalipoanza kufifia.

Daktari hakuzungukazunguka. Ni presha ya macho, alisema. Dawa ya matone itaichelewesha, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda taratibu. Njiani kurudi Honi alimshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo hadharani.

"Mama," akamwuliza, "kuna kitu gani unataka kukiona?"

Alitegemea atasema wajukuu. Mkewe akafikiri kidogo. "Ningependa kuiona treni yako ikija. Pale kwenye kona. Mara moja tu."

"Reli zenyewe wameshang'oa!"

"Ndiyo maana nimesema ningependa. Kwani nimekutuma sokoni?"

Basi, maneno yale yalimganda Honi moyoni. Binti yao aliyeolewa mbali alipoelezwa kwa simu, alilia kwanza, halafu akatuma sanduku. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni kinachoenea kiganjani, mabehewa, vipande vya reli na transfoma yake. Honi aling'oa mlango wa stoo, akaulaza juu ya stuli sebuleni, na tangu siku hiyo wageni wakawa wanakalia ndoo.

Alijenga kila kitu kama kilivyokuwa. Stesheni aliitengeneza kwa boksi la viatu, akaipaka rangi ile ile ya manjano iliyobabuka. Vichaka vilikuwa sponji ya kuoshea vyombo, imekatwakatwa na kuchovywa rangi ya kijani. Penye kona akaweka nyumba yao, yenye dirisha, na ndani ya dirisha balbu ya tochi. Mkewe akajitolea kushona pazia. Alikaa nalo mlangoni penye mwanga, kipande cha kitambaa kisichozidi stempu, akahangaika nacho asubuhi nzima. Alipolileta, maua yalikuwa yametazama ndani na pindo limekwenda upande.

"Loo! Hata maua umeyaficha? Majirani wataiba?" Honi akamtania, akalibandika hivyo hivyo. Mkewe akacheka pamoja naye. Na Honi, jamani, mtu aliyeweza kuona ng'ombe relini kabla hata ng'ombe hajajua kuna treni, hakuona kitu pale.

Kilichomtesa ni umeme. Treni ndogo kama hizi hulishwa umeme na reli zenyewe: reli ya kulia inabeba chanya, ya kushoto hasi, na magurudumu yanauchukua na kuupeleka kwenye mota. Honi alichomelea nyaya chini ya ule mlango kwa risasi ya kuyeyusha, akaungua vidole, akatukana, akachomelea tena. Kichwa kilipotoka stesheni mara ya kwanza na kupita mbele ya ile nyumba, alipiga kelele hadi mafundi wa gereji wakaja kuchungulia.

Lakini treni inatakiwa kurudi. Zamani, mwisho wa njia, reli ilijizungusha kama kitanzi, ikarudi kujiunga na ile iliyotoka, na treni ikageuka humo bila kusimama na kuelekea nyumbani kwa mbele. Honi akajenga kitanzi kile kile. Alipokiunga tu na reli iliyotoka, kabla treni haijasogea, transfoma ikasema tak! na kila kitu kikazimika, hata balbu ya dirishani.

Akasema waya umelegea. Akakaza nyaya zote. Tak! Akasema risasi mbovu. Akabandua kila kiungo, akachomelea upya kuanzia mwanzo. Tak! Akabadilisha reli za kitanzi, akalaumu transfoma, akalaumu shirika la umeme, akamlaumu hata panya mmoja aliyekuwa akiishi stoo kwa amani zake. Tak!

Fundi redio, jirani yao, mtu wa maneno mengi, alisimama mlangoni akimtazama. "Mzee wangu, niitazame?"

"Wewe umeendesha treni lini?"

"Sijaendesha. Lakini shoti naijua kwa harufu."

"Nenda kanuse redio zako."

Siku moja mkewe alimwambia kwa upole kabisa. Alikuwa amekaa pale pale pembeni ya meza, mikono mapajani. "Baba, hicho kitanzi kiache. Itoe stesheni, ifike mwisho, halafu irudishe hivyo hivyo kinyumenyume. Si itapita dirishani? Mimi inanitosha."

"Kinyumenyume!" Honi aliruka. "Mimi? Nirudi nyumbani kwa matako?"

Na hapo msimcheke. Kwa madereva wa njia ile, treni iliyoingia kinyumenyume ni treni iliyoharibikiwa, na dereva wake alizomewa tangu kona mpaka stesheni. Honi hakuwahi kuzomewa hata siku moja, na hakutaka kuanzia sebuleni kwake, mbele ya mkewe. "Nitakuja kwa mbele," akasema, "kama nilivyokuja siku zote."

"Haya," mkewe akasema. "Basi usikawie sana."

Akakawia. Mvua zikaja, zikaisha, Honi yuko chini ya mlango wa stoo na tochi mdomoni. Mama akawa anapapasa ukuta akienda jikoni. Akiulizwa, anasema mwanga umempiga machoni. Akawa anamimina chai huku kidole kimeingia kidogo kikombeni. Anasema anapima joto. Yote Honi aliyakubali, kwa sababu akili yake ilikuwa kwenye nyaya.

Mwishowe alikwenda mwenyewe kwa fundi redio, shingo imelala. Yule bwana, lazima nimsifu, hakumcheka. Alikuja, akatazama kitanzi, akakifuata kwa kidole.

"Mzee wangu, fuata reli yako ya kulia. Inazunguka hivi, inarudi hivi. Imekutana na nani?"

Honi akafuata kwa kidole chake. Ilikuwa imekutana na ya kushoto. Chanya na hasi, uso kwa uso.

"Reli za kweli hazina umeme, ndiyo maana huko hazikukusumbua," fundi akasema. "Hapa kata reli pande zote mbili za kitanzi, utie plastiki katikati, umeme usivuke. Kitanzi ukipe nyaya zake. Treni ikiwa ndani, unageuza umeme wa reli za nje kwa swichi hii nitakayokufungia, inatoka salama."

Kazi yenyewe haikumaliza hata siku. Honi alipoona treni imetoka kitanzini kwa mbele, ikakata kona, ikapita dirishani na kuingia stesheni, alikaa chini akalia kwa furaha. Fundi akajifanya anatafuta koleo lake.

Alasiri alimwita mkewe. Alimwekea kiti palepale penye kona, akamnyooshea kitenge mabegani, akawasha transfoma, ikaanza kuunguruma. Kisha akaona magurudumu ya kichwa cha treni yana vumbi. Akakiinua, akawa anayafuta kwa ncha ya shati, taratibu, maana hakutaka kwikwi yoyote leo.

"Naiona," mkewe akasema.

Honi akainua uso.

"Naiona, baba. Eeh! Inakata kona sasa. Inapendeza jamani." Alikuwa anatabasamu, uso ameuelekeza kwenye reli tupu.

Kichwa cha treni kilikuwa mkononi mwa Honi. Alisimama nacho hivyo, kitambaa cha shati kimenaswa kwenye gurudumu. Alitazama pazia lile lenye maua yaliyogeuka ndani, na ndipo alipoliona.

"Mama," akasema. "Tangu lini?"

Tabasamu likaondoka. Mkewe akasikiliza mngurumo wa transfoma, akaelewa. "Haijaanza, eeh?"

"Bado ninayo mkononi."

"Tangu mvua zile," akasema. "Mwanzoni ilibaki kama moshi. Halafu na moshi ukaondoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha. Nakujua. Ungeacha kila kitu, ukae hapo unanitazama mimi mchana kutwa, na mimi hata kukutazama siwezi. Nilikuwa nakusikia humo chini unatukana nyaya, nasema moyoni, mume wangu yuko safarini, anakuja."

Honi aliumia, na sina namna nyingine ya kulisema. Aliumia kwa kila siku aliyomjibu fundi redio jeuri, na zaidi kwa ile siku aliyoambiwa arudi kinyumenyume akakataa, wakati macho yale bado yalikuwa na kitu ndani yake. Angekubali siku ile, mke angeiona. Alijua hivyo, na mkewe alijua kwamba anajua.

Akakiweka kichwa relini. Akamshika mkewe kidole, akakilaza pembeni ya reli chini ya dirisha, karibu kiasi cha kuguswa na behewa. Treni ikatoka stesheni, ikaenda mbali mpaka kwenye kitanzi, swichi ikageuzwa, ikageuka. Ilipokaribia kona Honi akapiga honi mbili kwa mdomo. Ya pili ilikatika katikati.

Kichwa kikapita kidoleni kwake, kisha mabehewa, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Mama akageuza uso kule iliko pumzi ya mumewe.

"Leo umewahi," akasema.

"Nimechelewa, mama," Honi akasema. "Nimechelewa."

"Hebu acha ubishi," mkewe akamwambia, kidole bado kimelala pale pale. "Izungushe tena."