Miraa Haiondoi Pombe

Mimi shule niliacha darasa la pili, na lori nilinunua mwenyewe kwa biashara ya mbuzi. Kwa hivyo wasomi wakinifundisha mambo ya gari, nasikiliza kwa sikio moja. Lakini hili la pombe na usukani nililiona kwa macho yangu, Garbatulla, asubuhi, jua likiwaka.

Mbuzi walikuwa wameshapakiwa kwenda soko la Isiolo. Akina mama wenye mbuzi walikuwa wamepanda juu kwenye vyuma vya lori, wengine na watoto mgongoni. Ndipo akaja dereva wangu, mtoto wa dada yangu. Harufu ya chang'aa ilinifikia kabla yake. Shavu lilikuwa limevimba miraa.

"Mjomba, usijali," akasema. "Nimetafuna tangu alfajiri. Miraa imekata pombe yote. Angalia macho!"

Macho yalikuwa wazi kweli, kama ya bundi. Huo ndio ujinga wa madereva wetu. Miraa inafukuza usingizi tu. Pombe inabaki pale pale. Mlevi wa kawaida atalala kando ya barabara na watu wapone. Huyu wangu hangelala, na alikuwa anajiamini kama rubani.

Nikachukua ufunguo. Kelele zikatoka juu.

"Mzee, soko litatupita! Mbuzi hawaogopi, wewe unaogopa nini?"

Mimi sibishani na wanawake waliokaa juu yangu. Nikamwomba muuza maji mkokoteni wake wa punda. "Haya," nikamwambia mpwa wangu, "zunguka msikiti ule urudi. Ukifika salama, ufunguo ni wako."

"Punda tu, mjomba?" Akaruka juu akicheka.

Punda alijua njia. Dereva wangu akaona njia nyingine, katikati ya kibanda cha chai. Punda akakataa. Kijana akamchapa. Punda akageuka ghafla, mkokoteni ukapinduka, na bwana mkubwa akaenda mtaroni, mitungi ya maji ikimfuata. Akatoa kichwa, miraa bado shavuni.

"Mjomba, huyu punda amelewa!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu kule juu mama mmoja akamfungua mtoto mgongoni, akanipokeza. Mwingine akafuata. Wakateremka wote.

Soko la siku hiyo lilitupita, ndiyo. Tuliondoka kesho yake, na kila mama alimnusa dereva kabla ya kupanda, yeye amesimama mdomo wazi kama ngamia anayeangaliwa meno. Mkubwa wao akamnusa tena.

"Sawa, endesha," akasema. "Lakini hiyo miraa tema hapa."