Taa Tatu Nilizoziozesha Handeni

Kutoka Songea hadi Korogwe nilitumia siku tatu. Basi la kwanza lilivunjika springi kabla ya Makambako, tukakaa porini mpaka likaja jingine. Chalinze nilishuka nikiwa sina nauli ya kutosha, nikaomba lori lililokuwa linarudi tupu Tanga, nikasafiri nyuma nimekaa juu ya turubai. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, shuka mbili, na barua ya baba mdogo iliyosema kazi ipo kwenye shamba la mkonge.

Nilipofika, kazi haikuwepo. Shamba lilikuwa limeuzwa, wafanyakazi wamepunguzwa, na baba mdogo mwenyewe alikuwa ametandaza mitumba kando ya reli. Alishindwa kunitazama usoni. Siku ya pili alinipeleka mtaa wa Manundu, mjini hapohapo, kwa mtu aliyekuwa mkuu wa karakana ya shamba na sasa alikuwa amefungua gereji yake. Mji mzima ulimwita Foromani, kwa cheo chake cha zamani. Sasa ni marehemu.

Siku ile ya kwanza hakunipa spana. Aliniambia nikae ndani ya gari, nifungue swichi bila kuwasha injini, nimweleze ninachokiona kwenye dashibodi.

"Naona taa, mzee."

"Ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi si hesabu. Funga, fungua tena."

Nilifungua na kufunga swichi asubuhi nzima, mpaka nikajua kila taa kwa jina, kwa rangi, na kwa muda inaokaa kabla ya kuzimika. Mafundi wengine walinicheka, wakaniita mlinzi wa taa za sherehe. Nilikuja kuelewa baadaye. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanaingia kwa wingi. Mafundi wa shamba walizoea matrekta na malori ambayo hayana la kukueleza mpaka yafe. Haya mapya yalisema, ila kwa lugha ambayo hakuna aliyetufundisha. Vitabu vyake vilikuwa vya Kijapani, na kompyuta za kupimia tulizisikia tu kwa watu wa Dar es Salaam.

Kwa hiyo tulijifunza hivi. Taa nyekundu ya breki inahusu uhai: breki ya mkono haijashushwa vizuri, au mafuta ya breki yamepungua. Taa ya njano ya ABS inasema mfumo unaozuia tairi zisijifunge umeacha kazi. Breki za kawaida bado zipo. Ile yenye picha ya gari linaloserereka ni ya mfumo wa kulituliza gari kwenye kona, nayo mara nyingi huwaka pamoja na ya ABS, kwa sababu zote mbili hutegemea sensa, kidude kidogo kilicho karibu na kila gurudumu kinachohesabu mizunguko yake. Foromani alichukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ya soketi iliyo chini ya boneti, na taa ikaanza kupepesa. Tulihesabu mipepeso. Idadi fulani ilimaanisha sensa ya mbele kulia, nyingine ya nyuma kushoto. Orodha hiyo aliipata kwa kuharibu na kujaribu, akaiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo.

Lakini kujua ugonjwa si kuwa na dawa. Sensa mpya ilisubiriwa wiki kadhaa, na wenye magari hawakuwa na subira. Ndipo ukazaliwa mtindo tuliouita kuozesha, yaani kuzifungisha ndoa taa mbili. Unaukata waya wa taa korofi, unauunganisha na ule wa taa ya chaji. Ukifungua swichi zinawaka pamoja, injini ikiwaka zinazimika pamoja. Mtu akitazama anaona gari zima. Gereji zote za barabara ile zilifanya hivyo, na sisi pia, ila Foromani alikuwa na masharti mawili. Mwenye gari aambiwe wazi, na taa nyekundu isiguswe kamwe.

"Ya njano ukiiozesha kwa siri umemdanganya mtu," alituambia. "Nyekundu ukiiozesha, umemchimbia kaburi."

Kitu kingine alichotufundisha kilikuwa cha karakana ya shamba: tepu ya umeme huachia kwenye joto, kwa hiyo kila kiungo cha waya tulikifunga tepu, halafu tukakikaza juu kwa uzi wa katani, mafundo matatu. Gereji nyingine hazikufunga kwa uzi.

Baada ya miaka minne aliniweka Handeni, kwenye tawi lake dogo karibu na njia ya mnadani. Nilikuwa peke yangu na nilijiona mkubwa. Vumbi la kule lilikuwa likijaza sensa, na wateja wangu wengi walikuwa wafugaji na wachuuzi wa ng'ombe. Mmoja wao, mchuuzi tuliyemwita Bwana Mnada, aliniletea stesheni wagon nyeupe iliyochoka, taa zote tatu zinawaka.

Nilifuata utaratibu. Mipepeso ilielekeza sensa ya nyuma kushoto. Nikasafisha, nikaunga waya uliolika, taa mbili za njano zikarudi baada ya kilomita chache. Sensa yenyewe ilikuwa imekufa. Nyekundu ilikuwa ya mafuta ya breki kupungua. Nikajaza, ikazimika. Baada ya siku mbili ikawaka tena. Nikalala chini ya gari, nikapapasa kila bomba na kila gurudumu. Pakavu kabisa. Nilimwambia yanapotea mahali nisipopaona, aniachie gari wiki moja.

Alicheka. Akasema mnunuzi anakuja kesho na hawezi kumwonyesha gari linalowaka kama duka la sikukuu. Nikamweleza habari ya taa nyekundu.

"Mdogo wangu, wewe ni fundi au mchungaji?" alisema. "Mahubiri nayasikia Jumapili. Au nilipeleke kwa yule wa stendi? Yeye hana maneno, ana mikono."

Yule wa stendi alikuwa mshindani wangu, na neno lile lilinichoma. Niliziozesha zote tatu, nikajaza mafuta ya breki mpaka juu, nikajiambia mnunuzi atakuwa mtu wa hapohapo Handeni, gari litarudi kwangu, nitalimaliza. Sikuuliza jina lake.

Mnunuzi alikuwa Baba Mbelwa, mkulima wa Lutindi, milimani juu ya Korogwe, aliyetaka gari la kushushia ndizi na maharage. Kama walivyofanya watu wote makini, alilipitisha kwanza kwa Foromani likaguliwe. Foromani alifungua swichi, akaziona taa zote zikiwaka, akawasha injini mara moja, zikazimika. Mafuta yamejaa. Akaliendesha Manundu yote, breki zikashika. Akamwambia chukua, gari safi.

Wiki ya tatu Baba Mbelwa alikuwa anateremka na mzigo kutoka Lutindi, na kanyagio la breki likaenda mpaka sakafuni. Alifia bondeni.

Niliitwa Korogwe kusaidia kwenye msiba, maana marehemu alikuwa mteja. Nilipoliona gari lililovutwa uani kwetu, nililijua kabla sijafika karibu. Siku ya matanga, mdogo wa kiume wa marehemu, shemeji wa Mama Mbelwa mjane, alisimama mbele ya watu akamnyooshea Foromani kidole, akamwita muuaji aliyeliita jeneza gari safi. Foromani alivua kofia. Alisema gari alilipitisha yeye na lawama ni yake, akakaa. Mimi nilikuwa nimebeba viti viwili, nikaviweka chini, nikaenda kuchukua vingine.

Wiki ileile Foromani aliniita, tukafungua masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki. Mpira wa ndani ulikuwa umekufa, mafuta yalikuwa yakivujia ndani ya haidrovaki, lile pipa la duara linalousaidia mguu kukanyaga breki. Kwa nje huwezi kuona hata tone. Taa nyekundu peke yake ndiyo ingesema. Kisha akafungua dashibodi, akavuta waya polepole mpaka kikatokea kiungo chenye uzi wa katani. Akahesabu mafundo kwa kidole.

"Nimekufundisha vizuri kufunga," alisema.

Nikaanza kulia, nikamwambia nitakwenda kusema. Alinikataza. Alisema yeye amebakiza miaka michache ya kushika spana, na mimi nikitajwa sitashika tena mahali popote. Akakikata kile kiungo, akakitia mfukoni. Nami nikatii, kwa sababu utii ule ulinifaa.

Ninyi mafundi vijana mnaochomeka kompyuta leo na kusoma jina la ugonjwa kwenye kioo, msidhani tulikuwa wajinga. Tulijua. Nilijua mafuta yanapotea. Mashine itakuambia kweli, lakini haitamwambia mteja kwa niaba yako, wala haitakushika mkono anaposema ataenda kwa mwingine. Tangu hapo nimefanya kazi Moshi, Kahama, Tunduma, sehemu moja miaka miwili, nyingine miezi, na sasa nimeweka spana chini kabla ya umri. Nikiwa Kahama nilisikia Foromani amefariki. Waliniambia mpaka mwisho wake hakuna aliyempelekea tena gari alikague. Alikuwa akichomelea baiskeli.

Lakini kabla ya kuondoka, baada ya msiba ule, nilikaa Korogwe mwaka mmoja nikiitazama ile gereji inavyopungukiwa wateja. Halafu asubuhi moja nikapanda Lutindi kwa Mama Mbelwa. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, naye aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Mzee wako anajua?"

"Anajua, mama. Tangu wiki ya msiba."

Mikono yake ikatulia. "Akatukanwa, na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi mimi nimesikia," alisema. "Lakini mimi sikumtukana. Shuka ukamwambie shemeji yangu, naye awaambie wale aliowaambia. Mzee apate jina lake akiwa hai."

Nilimwambia nitakwenda. Nilishuka nikiwa na nia hiyo. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Duka la shemeji lilikuwa karibu na stendi, lilikuwa wazi, na mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Alinijua. Akainua mkono kunisalimu, akauliza kwa sauti habari za kazi. Nikamjibu nzuri. Basi la Moshi lilikuwa linapakia, na konda akaniuliza kama naenda. Nikasema naenda.